Maziwa Mabichi, Dawa za Mifugo na Bakteria Sugu: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Barabara itokayo Mto wa Mbu hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hupita katika mashamba ya ngano, mahindi na mbaazi ya Karatu, na hatimaye hufika kwenye Lango la Lodoare, mahali linapoanzia Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro. Kwa muda mrefu wakulima wa upande mmoja na wafugaji wa upande wa pili wamekuwa wakitegemeana. Katika Hifadhi, iliyoundwa mwaka 1959 ili watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja, kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa kwa kiasi mwaka 1992, kisha kikakatazwa upya mwaka 2009. Kwa sababu hiyo mahindi hupanda kutoka Karatu, na ng'ombe, mbuzi na kondoo huteremka kwenda mnadani.

Pamoja na bidhaa hizo husafiri viumbe wasioonekana kwa macho. Bakteria waishio katika utumbo wa ng'ombe, katika maziwa, katika maji ya kisima na juu ya kisu cha mchinjaji hawasimami langoni kuandikishwa. Wengi wao hawana madhara, na baadhi yao husababisha magonjwa. Katika miaka ya karibuni limeongezeka jambo la tatu, nalo ndilo shabaha ya makala haya: baadhi ya bakteria hao wamekuwa sugu, yaani hawafi tena kwa dawa ambazo zamani ziliwaua. Yafaa kueleza usugu huo hutokeaje, huenezwa kwa njia gani, na kwa nini sufuria ya maziwa iliyoko jikoni ina sehemu kubwa katika jambo hili kama ilivyo sindano ya mifugo.

KIUMBE NA SILAHA YAKE

Bakteria ni kiumbe chenye seli moja tu. Kwa kawaida urefu wake ni kama sehemu moja hadi tano za milimita iliyogawanywa mara elfu moja. Huzaliana kwa kugawanyika: mmoja huwa wawili, wawili huwa wanne. Bakteria aitwaye Escherichia coli, ambaye huishi katika utumbo wa binadamu na wa wanyama wenye damu moto, aweza kugawanyika kila baada ya dakika 20 iwapo joto na chakula vinamfaa. Mwanafunzi na akokotoe: katika saa 7 kuna migawanyiko 21, na 2 ikizidishwa yenyewe mara 21 ni 2,097,152. Bakteria mmoja aliyeingia katika maziwa ya vuguvugu alfajiri aweza kuwa na kizazi cha zaidi ya milioni mbili kabla ya chakula cha mchana.

Dawa zinazoitwa antibiotiki, au viuavijasumu, ni silaha dhidi ya viumbe hao. Nyingi kati yake hazikubuniwa na binadamu tangu mwanzo, bali alizikuta duniani. Mwaka 1928, katika hospitali ya St Mary's mjini London, Alexander Fleming aligundua kwamba kuvu fulani iliyoota katika sahani ya maabara ilikuwa imewaua bakteria waliokuwa kando yake. Kutokana na kuvu hiyo ilipatikana penisilini. Streptomaisini ilipatikana kutoka kwa bakteria wa udongoni katika miaka ya 1940, na oksitetrasaiklini, dawa ijulikanayo sana kwa wafugaji wa Tanzania, ilitangazwa mwaka 1950, nayo pia ilitoka kwa kiumbe cha udongoni.

Kila dawa ina mahali pake pa kupiga. Penisilini huzuia bakteria kujenga ukuta wa seli, hata seli ikapasuka. Oksitetrasaiklini huzuia kiwanda cha protini cha bakteria kufanya kazi. Binadamu na ng'ombe hawana ukuta wa namna hiyo, na viwanda vyao vya protini ni tofauti. Ndiyo sababu dawa huweza kumpiga bakteria bila kumdhuru mgonjwa.

USUGU HUTOKEAJE

Watu wengi husema kwamba mwili wa mgonjwa "umeizoea dawa". Usemi huo si sahihi. Kinachobadilika ni jamii ya bakteria, wala si mwili wa mtu au wa ng'ombe. Na hata bakteria mmoja mmoja hajifunzi kuvumilia dawa. Hufa au huishi kulingana na alivyoumbika.

Katika mamilioni ya bakteria, wachache huweza kuwa na tofauti ndogo katika jeni zao. Mmoja ana kimeng'enya kinachokata penisilini, mwingine ana pampu inayotoa oksitetrasaiklini nje ya seli kadiri inavyoingia. Dawa isipokuwapo, tofauti hizo hazina faida kubwa. Dawa inapoingia, wasio na kinga hufa, na wale wachache hubaki peke yao na chakula chote, wakazaana. Hivyo dawa haiumbi usugu bali huuchagua, kama mkulima anayeng'oa mahindi na kuacha magugu.

Bakteria sugu walikuwapo kabla ya hospitali na maduka ya dawa. Mwaka 2011 wanasayansi walieleza kwamba walipata jeni za usugu katika udongo ulioganda kwa barafu kaskazini mwa dunia kwa miaka ipatayo 30,000. Jambo hilo si la ajabu, kwa maana viumbe wa udongoni wamekuwa wakipigana kwa kemikali hizo tangu zamani. Jambo jipya ni wingi wa dawa ambazo binadamu amezimwaga duniani katika muda usiotimia miaka 100. Fleming mwenyewe, alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alionya kwamba watu wakitumia penisilini kwa dozi ndogo mno watawafundisha vijidudu kuihimili.

Kuna tabia nyingine ya bakteria inayoongeza hatari. Mwaka 1959 watafiti wa Japani walionyesha kwamba bakteria wa kuhara damu waliweza kupokea usugu kutoka kwa Escherichia coli. Jeni za usugu mara nyingi hukaa katika kipande kidogo cha mviringo kiitwacho plazimidi, ambacho bakteria mmoja huweza kumpa mwenzake wanapogusana, hata kama si wa aina moja. Plazimidi moja huweza kubeba jeni za usugu dhidi ya dawa tatu, nne au zaidi. Kwa hiyo bakteria asiye na madhara, anayepita tu katika utumbo wa mtoto, aweza kuacha humo urithi wake kwa bakteria mwenye madhara. Ndiyo sababu watafiti hujali usugu hata kwa bakteria wasioleta ugonjwa.

NDIGANA MBILI NA CHUPA MOJA

Mfugaji wa Ngorongoro huishi mbali na daktari wa mifugo. Ng'ombe anapougua, mara nyingi mwenye mali ndiye mpimaji, ndiye mwamuzi wa dozi na ndiye mpiga sindano. Chupa ya oksitetrasaiklini hununuliwa katika duka la dawa za mifugo au mnadani, na hutumika kwa maradhi mengi tofauti.

Tatizo laonekana wazi katika magonjwa mawili yaletwayo na kupe. Ndigana baridi husababishwa na bakteria aishiye katika chembe nyekundu za damu. Ng'ombe huwa na homa, ufizi wake hupauka, na kinyesi huwa kikavu. Oksitetrasaiklini hutibu ugonjwa huo. Ndigana kali husababishwa na Theileria parva, ambaye si bakteria bali ni kimelea cha kundi la protozoa. Tezi zilizo chini ya sikio huvimba, homa hupanda, na mwishowe mnyama hupumua kwa shida. Ugonjwa huo ukisha kushika, oksitetrasaiklini haiuponyi. Dawa yake ni nyingine, kwa mfano buparvakuoni, nayo ni ghali. Mfugaji asiyeweza kutofautisha ndigana hizo mbili huchoma sindano ile ile. Katika ndigana kali fedha hupotea, ndama hufa, na bakteria wote wa utumbo wa ndama huyo huwa wamepitishwa katika mchujo wa dawa bila faida.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kusema kwamba oksitetrasaiklini ni adui. Katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki kilichokuwa Muguga, karibu na Nairobi, ilikamilishwa njia ya kumkinga ndama dhidi ya ndigana kali kwa kumwambukiza vimelea hai kwa kiasi kilichopimwa na kumchoma wakati huo huo oksitetrasaiklini inayodumu mwilini. Dawa ikitolewa siku ile ile ya kuambukiza, kabla ya ugonjwa kushika, huudhoofisha. Ndama huugua kidogo tu, na baadaye huwa na kinga. Chanjo hiyo imewaokoa ndama wengi wa wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania. Huu ni mfano wa dozi moja iliyopimwa, itolewayo kwa sababu inayojulikana, ikaondoa haja ya sindano nyingi za kubahatisha miezi ya mbele.

MABAKI YA DAWA SI BAKTERIA SUGU

Hapa yapasa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara.

La kwanza ni mabaki ya dawa. Ng'ombe aliyechomwa sindano hutoa sehemu ya dawa katika maziwa yake kwa siku kadhaa, na nyama yake hubaki na dawa kwa muda mrefu zaidi. Lebo ya chupa hutaja siku za kusubiri kabla ya kukamua kwa ajili ya kunywa au kuuza, na kabla ya kuchinja. Kwa oksitetrasaiklini idumuyo mwilini, muda wa nyama huhesabiwa kwa majuma. Mabaki haya huweza kumdhuru mtu ambaye mwili wake haupatani na dawa fulani, na huendeleza mchujo wa bakteria katika utumbo wa mnywaji. Watengenezaji wa mtindi huyatambua kwa njia yao wenyewe: maziwa yakikataa kuganda ingawa yametiwa chachu nzuri, yaelekea dawa iliyomo imewaua bakteria wa chachu.

La pili ni bakteria sugu wenyewe, ambao ni viumbe hai. Wanaweza kuwamo katika maziwa ya ng'ombe ambaye hajapata kuchomwa sindano maishani mwake, iwapo mkono wa mkamuaji, mkia wa ng'ombe au maji ya kuoshea kibuyu yamewaleta. Tofauti hii ni muhimu kwa sababu dawa ya tatizo la kwanza si dawa ya tatizo la pili. Kusubiri siku zilizoandikwa kwenye lebo huondoa mabaki, lakini hakuwaondoi bakteria. Kuchemsha maziwa huwaua bakteria, lakini hakuwezi kutegemewa kuondoa mabaki.

UTAFITI WA KASKAZINI MWA TANZANIA

Je, kati ya matumizi ya dawa na uenezwaji wa bakteria, lipi lina uzito zaidi katika mazingira ya wafugaji? Swali hilo lilichunguzwa na watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyoko Arusha, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington cha Marekani na wa vyuo vingine. Matokeo makubwa ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2020.

Watafiti walitembelea kaya 425 za Wamaasai, Waarusha na Wachaga. Waliuliza habari za mifugo, dawa, chakula na maji. Kisha walichukua sampuli kutoka kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na vyanzo vya maji, na katika sampuli hizo walitenga makundi ya bakteria 62,376, wakayapima dhidi ya antibiotiki mbalimbali.

Matokeo yao yana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba sura ya usugu ilifanana katika vyanzo vyote. Dawa zilizoshindwa mara nyingi kwa bakteria wa watu ndizo zilizoshindwa mara nyingi kwa bakteria wa ng'ombe, wa mbwa, wa wanyamapori na wa maji. Walipochunguza jeni za mamia ya Escherichia coli, hawakuona kwamba bakteria wa watu ni ukoo mmoja na wa ng'ombe ni ukoo mwingine. Kwa lugha nyepesi, bakteria wa boma ni jamii moja, na mipaka tunayoiona sisi kati ya mtu, ndama na kisima haipo kwao.

La pili lilikuwa geni zaidi. Kaya zilizotumia dawa nyingi za mifugo hazikuonekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na bakteria sugu kuliko kaya zilizotumia chache. Mambo yaliyohusiana sana na usugu yalikuwa yale ya maisha ya kila siku yanayowapa bakteria njia ya kupita kutoka kiumbe hadi kiumbe. Unywaji wa maziwa yasiyochemshwa ni mojawapo ya njia hizo.

Matokeo haya hayasemi kwamba dawa itumike ovyo. Bila mchujo wa dawa, bakteria sugu wasingepata nafasi ya kuongezeka hapo mwanzo. Yanasema kwamba bakteria hao wakisha kuenea, kaya inayojinyima sindano haijikingi kama bado inakunywa, kuoga na kula katika mkondo ule ule. Usugu uliochaguliwa katika zizi moja hufika katika zizi la pili kwa miguu, kwa maji na kwa kibuyu.

Wanyamapori nao ni mashahidi. Hakuna ampigaye pundamilia sindano ya ndigana. Hata hivyo bakteria sugu wamepatikana katika kinyesi cha wanyama wa porini, wakiwamo wa Ngorongoro, ambako nyumbu na pundamilia hula nyasi pamoja na ng'ombe.

NJIA AMBAZO BAKTERIA HUPITA

Tukifuata mkondo huo kutoka nyanda za juu za Ngorongoro hadi meza ya chakula mjini Karatu, vituo vinne vyaonekana.

Kituo cha kwanza ni kiwele. Maziwa yatokayo katika kiwele chenye afya huwa na bakteria wachache mno. Wengi huingia baadaye, kutoka kwenye ngozi ya chuchu iliyogusa kinyesi, kutoka mikononi na kutoka katika chombo. Katika mila ya Wamaasai kibuyu husafishwa kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien, yaani mzeituni mwitu, na moshi wake huyapa maziwa harufu inayopendwa. Joto na moshi hupunguza bakteria, na desturi hiyo ina hekima yake. Lakini haiwezi kuwafikia waliokwisha kuingia katika maziwa mapya kutoka kwenye chuchu.

Kituo cha pili ni maji. Wakati wa kiangazi watu na mifugo hukutana kwenye chemchemi zile zile. Ng'ombe huingia majini, hunywa na kunya. Ndoo inayochotwa hapo huosha mikono, vibuyu na masufuria.

Kituo cha tatu ni machinjio na bucha. Ndani ya nyama ya mnyama mzima wa afya hakuna bakteria wengi. Wako utumboni na juu ya ngozi. Kisu kilichopasua utumbo kisha kikakata paja bila kuoshwa huwahamishia juu ya nyama. Moto wa kuchoma nyama huwaua walioko juu yake. Hatari hubaki pale ambapo ubao uliokatiwa nyama mbichi hutumika kukatia nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kachumbari haipiti motoni, nayo huliwa pamoja na nyama iliyoiva vizuri.

Kituo cha nne ni mkono wa binadamu, ambao umo katika vituo vyote vitatu vilivyotangulia.

KUCHEMSHA MAZIWA KATIKA NYANDA ZA JUU

Louis Pasteur alionyesha katika miaka ya 1860 kwamba joto la wastani huwaua vijidudu vinavyoharibu vinywaji. Viwanda vya maziwa hutumia nyuzi 63 za Sentigredi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15. Bakteria sugu hana ziada yoyote mbele ya joto: pampu inayotoa oksitetrasaiklini haiwezi kutoa moto. Aliye sugu na asiye sugu hufa pamoja, na hakuna anayechaguliwa. Hapa ndipo kuchemsha kunapokuwa bora kuliko dawa yoyote.

Mwanafunzi wa fizikia aweza kuuliza swali zuri. Kadiri mahali palivyo juu, maji huchemka kwa joto dogo zaidi, takriban nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300. Katika mji wa Karatu, ulio kwenye kimo cha karibu mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwenye ukingo wa Kreta, katika kimo cha karibu mita 2,300, huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Je, joto hilo latosha? Latosha bila shaka, kwa kuwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 ndicho kiwango cha kiwanda. Maziwa yakifura mara moja yameshavuka mpaka huo, na hakuna haja ya kuyaacha yachemke muda mrefu na kuteketeza kuni.

Kuni ni jambo zito. Katika Hifadhi hairuhusiwi kukata miti hai, na mzigo wa kutafuta kuni kavu huwaangukia akina mama. Kwa hiyo anayeshauri maziwa yachemshwe hana budi kufikiri pia juu ya jiko bora na juu ya muda wa mama. Wako pia wanaoona kwamba maziwa yaliyochemshwa yamepoteza nguvu. Ukweli ni kwamba baadhi ya vitamini hupungua, lakini protini, mafuta na chokaa ya kujenga mifupa hubaki. Anayetaka maziwa ya mgando aweza kuyachemsha, kuyaacha yapoe hadi vuguvugu, kisha kuyatia chachu na kuyahifadhi katika kibuyu kilichosafishwa kwa maji ya moto na moshi wa oloirien. Ladha hubaki, na waletao ugonjwa huondoka. Kutegemea uchachu peke yake hakutoshi, kwa sababu asidi ya mgando huwapunguza vijidudu wengi bila kuwamaliza wote.

Faida nyingine ni ya papo kwa papo. Maziwa mabichi hueneza ugonjwa wa brusela, unaotupa mimba za ng'ombe na kuwaletea watu homa za kurudiarudia na maumivu ya viungo. Mtu aliyeupata hutibiwa kwa antibiotiki mbili pamoja, kwa muda usiopungua majuma sita. Kila sufuria iliyochemshwa huzuia ugonjwa, na kwa kuuzuia huokoa majuma sita ya dawa ambazo zingechuja bakteria wengine.

ZOEZI LA DARASANI

Mwalimu aweza kuonyesha mambo haya bila kuotesha bakteria, kazi ambayo ni hatari nje ya maabara. Panahitajika bakuli mbili, maharage meupe na maharage mekundu.

Katika bakuli la kwanza tia maharage meupe 96 na mekundu 4. Meupe ni bakteria wa kawaida, mekundu ni sugu. "Toa dozi" kwa kuondoa robo tatu ya meupe. Yatabaki meupe 24 na mekundu 4. Kisha yazalishe kwa kuongeza kila rangi mara mbili: meupe 48, mekundu 8. Rudia dozi na uzazi: meupe 24, mekundu 16. Rudia mara ya tatu: meupe 12, mekundu 32. Sehemu ya sugu imepanda kutoka asilimia 4 hadi karibu asilimia 73, ingawa hakuna harage jeupe hata moja lililogeuka kuwa jekundu.

Sasa chukua bakuli la pili lenye maharage meupe 40. Hili ni zizi lisilotumia dawa. Fumba macho, teka maharage 20 kutoka bakuli la kwanza na uyatie humo. Mekundu yapatayo 14 au 15 yataingia katika zizi lisilojua sindano. Wanafunzi na waulizwe: ni hatua gani ingelilinda zizi la pili, kupunguza dozi katika zizi hilo, au kuziba njia kati ya mabakuli mawili? Na ni hatua gani ingelifaa la kwanza? Majibu mawili yatakayotolewa ndiyo siasa nzima ya kupambana na usugu.

HITIMISHO

Ilikadiriwa kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya moja kwa moja ya bakteria sugu. Katika nchi yetu utafiti uliofanywa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2001 na 2002, kwa watoto wenye bakteria katika damu, ulionyesha kwamba watoto waliopewa dawa isiyofaa kwa sababu ya usugu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Serikali ilitoa mpango kazi wa taifa wa kupambana na usugu kwa miaka 2017 hadi 2022, ukafuatwa na wa pili wa miaka 2023 hadi 2028, na mipango hiyo huitazama afya ya watu, ya wanyama na ya mazingira kama kitu kimoja.

Sindano itumiwe kwa ugonjwa uliotambuliwa, kwa dozi iliyopimwa, na siku zilizoandikwa kwenye lebo ziheshimiwe. Hayo ni wajibu wa mfugaji, muuza dawa na ofisa mifugo. Lakini mfugaji aliye mbali na daktari hawezi kulaumiwa peke yake kwa usugu uliofika kwake kwa maji na maziwa. Lambo la mifugo lililotenganishwa na kisima cha watu, ubao wa pili jikoni, sabuni ya mkamuaji na jiko linalokula kuni chache ni vyombo vya kulinda dawa, sawa na maabara na sheria. Mtoto wa Endulen au wa Karatu atakapofikishwa hospitalini na homa kali, dawa atakayopewa itamponya au itashindwa kwa kutegemea, kwa sehemu kubwa, bakteria gani aliwanywa miezi iliyopita.